Mezani Petu: Asiyeweza Kula Ngano



Mama mmoja wa Mikumi ameniletea swali kwa barua. Anauliza hivi: mtu ambaye daktari amemkataza ngano kabisa, ale nini nyumbani, na akisafiri nchi za mbali ale nini? Swali lake si dogo. Siku hizi ngano imeingia katika kila nyumba yetu: asubuhi mkate au maandazi, mchana chapati, jioni sambusa, arusini keki, na msibani vilevile maandazi na chai ya rangi. Tena ngano hiyo hatuilimi sisi. Bonde la Mkata na Kilosa yote ya chini ni nchi ya joto, haiistawishi. Ile ya nchini mwetu hulimwa huko Hanang na penginepo penye baridi, na iliyo nyingi zaidi huletwa kwa meli kutoka nchi za nje. Babu zetu waliijua ukubwani. Sisi tumezaliwa tukaikuta mezani, nasi twadhani ilikuwapo siku zote.

Kwanza yatupasa kukijua kitu chenyewe kinachodhuru. Ninyi walimu mwaweza kukionyesha darasani kwa gharama ndogo. Chukua konzi mbili za unga wa ngano, ukande kwa maji uwe donge, uliache nusu saa. Kisha ulioshe donge hilo ndani ya bakuli la maji, ukilifinya polepole. Maji yatageuka meupe kama tui, nao ni wanga unaotoka. Badilisha maji mara nyingi mpaka yawe safi, na mkononi mwako kitabaki kitu cha rangi ya kijivu, chenye kunata na kuvutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Hicho ndicho kiitwacho gluteni. Ndicho kinachoufanya mkate uumuke na chapati ivutike isikatike. Fanya vivyo hivyo kwa unga wa mahindi au wa mtama: donge lote litaenda na maji, wala hutabaki na ulimbo wowote.

Gluteni hiyo imo katika ngano, na jamaa zake wawili, shayiri na rai, wana vitu vya namna iyo hiyo. Kwa watu wengi haina neno. Lakini wako waliorithi katika damu ya wazazi wao udhaifu fulani, hata gluteni ikiingia tumboni mwao, askari wa mwili, wale wanaopigana na maradhi, huisadiki kuwa adui. Na katika kupigana nayo huuharibu utumbo wenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba mna vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula. Hivyo hulala, vikafutika, na mtu hula akashiba lakini mwili haupati kitu. Tumbo hujaa na kuharisha, damu hupungua, mifupa hudhoofika, mtoto hakui, na wanawake wengine hukosa kushika mimba. Wengine hawaharishi kamwe, ila huchoka tu na kupungukiwa damu mwaka hata mwaka. Ugonjwa huu huitwa seliaki.

Waganga wa Ulaya walihangaika nao muda mrefu. Samuel Gee wa London aliueleza mwaka 1888, akasema tiba, ikiwapo, itakuwa katika chakula. Lakini chakula gani hakujua. Mwaka 1924 daktari mmoja wa New York, jina lake Sidney Haas, aliwalisha watoto wagonjwa ndizi kwa wingi, wakapona, naye akasadiki kwamba ndizi ni dawa. Watu wa Matombo na Ukaguru wangefurahi kusikia hayo! Kumbe dawa haikuwa ile ndizi iliyoliwa, ilikuwa ule mkate ulioachwa. Aliyelitambua jambo hilo ni Mholanzi, Willem Dicke, daktari wa watoto katika mji wa Den Haag. Alianza kuishuku ngano kabla ya vita vya pili vya dunia. Ikaja ile njaa kuu ya Uholanzi katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika, naye akazidi kuthibitika katika mawazo yake. Mwaka 1950 aliyaandika yote katika kitabu cha shahada yake huko Utrecht. Tangu hapo hata leo tiba ni moja tu: kuacha ngano, shayiri na rai kwa maisha yote.

Huko Ulaya hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika mia ana seliaki. Kwetu huonekana kwa nadra, na kwa sababu hiyo nawaonya mambo mawili. La kwanza, msikimbilie kusema kila tumbo linalouma ni ngano. Minyoo, amiba na kichocho ni wenyeji wetu wa siku nyingi, na maziwa pia huwasumbua wengi. Hayo yapimwe kwanza. La pili, mtu akishuku seliaki asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta dalili za vile vita vilivyomo mwilini, na ngano ikiisha kuachwa dalili hupungua, daktari asione kitu. Baada ya damu, hospitali kubwa huweza kuingiza mpira wenye taa tumboni na kuchukua chembe ya utumbo ili itazamwe. Mtu mzima wa afya anayeacha mkate kwa sababu amesikia watu wa mjini wameuacha hajipatii faida, anajisumbua tu.

Sasa nije katika nyumba ya yule mama. Dada yangu, usilie. Mgonjwa wako angezaliwa Ufaransa angaliona mateso makubwa kuliko hapa. Ugali wa mahindi, wa mtama, wa muhogo, wali, ndizi za kupika na za kuiva, viazi vitamu, viazi vikuu, magimbi, maharage, kunde, mbaazi, choroko, mlenda, mchicha, kisamvu, matembele, karanga na ufuta, nyama, samaki, mayai, maziwa na asali: vyote hivyo havina gluteni hata chembe. Togwa pia haina, maana ni uji wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi au cha mtama. Pale Ilonga, karibu na Kilosa mjini, kipo kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kwa miaka mingi kimetafuta mbegu bora za mahindi na mtama. Basi chakula cha mgonjwa wako kinatafutiwa mbegu mlangoni pako.

Hatari iko katika ngano inayojificha, na ya kwanza ni unga wa lishe. Sisi sote twaujua. Mtu akikonda jirani husema, mpe uji wa lishe. Lakini wauzaji wengi huchanganya humo mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga, na ngano pia. Hivyo mgonjwa wa seliaki hupewa ugonjwa wake katika kikombe cha dawa. Mchanganye lishe yenu wenyewe nyumbani, bila ngano.

Ya pili ni mashine ya kusaga. Mashine iliyosaga lishe ya jirani yenye ngano haioshwi kabla ya mahindi yako kumiminwa. Msiseme ni vumbi tu. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni gramu mbili hivi. Wataalamu wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa siku 90, zaweza kuudhuru utumbo wa mgonjwa. Nazo ni kama sehemu ya arobaini ya kipande hicho. Mwombe mwenye mashine akusagie asubuhi, wa kwanza, mashine ikiisha kufagiwa, na kilo mbili za kwanza uwape kuku au uziweke kwa walio wazima. Ama tumia kinu na mchi. Kazi ni nyingi lakini unga ni wako.

Ya tatu ni mafuta na vyombo. Karai lililokaanga maandazi asubuhi, likakaanga viazi mchana, limekwisha kuvitia viazi ngano. Bajia za dengu ni njema, lakini wako wanaopunguza gharama kwa kutia unga wa ngano. Vitumbua ni vya mchele, lakini wapishi wengine hutia ngano kidogo vishikane. Tambi na makaroni ni ngano. Bia nyingi za kiwandani ni za shayiri. Mimi katekista sikutumwa kuwafundisha watu kunywa, ila nimeulizwa, nami najibu.

Kwa chai ya asubuhi mama apike mkate wa kumimina, ambao watu wa pwani waujua sana. Loweka mchele vikombe viwili usiku kucha; uusage na tui zito la nazi kikombe kimoja, mpaka ulainike kabisa; utie hamira kijiko kidogo, sukari kwa kadiri yako, na iliki. Uache uumuke. Umimine katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto, ufunike, uweke makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, hata uwe na rangi ya dhahabu. Watoto wazima wataunyang'anya. Kwa hiyo upike miwili.

Hapa sina budi kunena jambo ambalo kwetu sisi ni zito kuliko andazi. Nilimjua msichana mmoja, binti wa mwalimu wa kijiji kimoja cha Kilosa. Alikua vizuri kwa ugali na mlenda. Alipopata kazi mjini akaanza kula mkate kila siku, na mwaka wa pili alikuwa amekonda, damu imekwisha. Alitibiwa minyoo, akatibiwa homa ya matumbo, akapewa vidonge vya damu, akanyweshwa uji wa lishe. Shangazi zake walinong'ona kwamba amerogwa na mtu aliyemwonea wivu wa kazi. Mwisho daktari mmoja alimwuliza anakula nini, akampima, akamwambia ni seliaki. Aliacha ngano, na katika miezi michache nguo zake zikaanza kumtosha tena.

Lakini Jumapili, watu walipokwenda kupokea Komunyo, yeye alibaki kwenye benchi. Hostia, ingawa ni nyepesi kama unyoya, ni ngano tupu. Aliogopa, tena aliona haya kumwambia padre, akidhani ataonekana anaudharau Mwili wa Bwana. Jumapili ya pili alibaki, na ya tatu. Mwajua vijiji vyetu. Wanawake walianza kuhesabu miezi kwa vidole na kutazama kiuno chake. Mama yake aliacha kukaa benchi moja naye. Ngano ilikuwa imemwumiza mwili, nasi Wakristo tukamwumiza kwa macho.

Basi Kanisa limesema nini? Sheria yataka mkate wa Misa uwe wa ngano. Barua iliyotoka Roma Julai 2003, na nyingine ya Juni 2017, zimeeleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Sakramenti. Lakini hostia ya ngano iliyopunguzwa gluteni, ikibakiwa na kiasi cha kuiwezesha kuwa mkate, yafaa. Wako masista Wabenedikto wa Clyde, katika jimbo la Missouri huko Marekani, waliofanikiwa kutengeneza hostia za namna hiyo, nazo gluteni iliyomo ni kidogo mno. Na mtu asiyeweza hata hizo, aweza kupokea kwa umbo la divai peke yake, kwa ruhusa ipatikanayo kwa Askofu. Hapungukiwi na kitu, maana Kanisa lafundisha tangu zamani kwamba Kristo yumo mzima katika kila umbo. Ila kikombe chake kiwe cha pekee, kwa sababu katika kikombe cha padre hutiwa kipande cha hostia. Ndugu zetu wa madhehebu mengine wana taratibu zao, na baadhi hutumia mkate wa mchele.

Kwa msichana yule baba yake ndiye aliyekwenda kwa padre. Ruhusa ilipatikana, kikombe kidogo kikawekwa kando ya altare, naye akapokea mbele ya wote. Nawasihi makatekista wenzangu na ninyi wazee wa jumuiya: msiwahesabu wanaobaki kwenye benchi. Na mgeni akikataa chapati yako, usimlazimishe kwa kusema onja kidogo tu nisione vibaya, mletee ndizi.

Nakumbuka pia neno moja la tafsiri. Sisi Wakatoliki katika sala ya Baba Yetu twaomba mkate, lakini waliotafsiri Biblia ya Kiswahili iitwayo Union, katika Mathayo sura ya 6, waliandika riziki. Msichana yule alipolisikia hilo alicheka sana, akasema neno hilo linamhusu yeye.

Sasa safari. Kutoka Kilosa kwenda Mikumi kwa barabara mtu hupita kijiji kiitwacho Ulaya, na watu wetu hupenda kutania kwamba wamekwisha kufika Ulaya na kurudi siku hiyo hiyo. Katika Ulaya hii safari ni rahisi: mahindi ya kuchoma, karanga za kuchemsha, mayai, ndizi. Mikumi yenyewe, kwenye barabara kuu ya Iringa ambako mabasi husimama, jihadharini na chipsi kwa sababu ya lile karai. Omba wali na maharage, na uulize kama mchuzi umetiwa unga ili uwe mzito. Gari moshi jipya lipitalo Kilosa tangu 2024, ambalo kwa kweli halina moshi maana laenda kwa umeme, ni la mwendo kasi, na abiria hana tena nafasi ya kununua chakula dirishani kama katika reli ya zamani. Chukua kikapu chako.

Ukivuka mpaka, kila nchi ina mtego wake. Uganda matoke ni salama; lakini ile rolex wanayoipenda vijana ni mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati. Unguja na Mombasa, na hata Oman, pilau ni salama, bali bokoboko, ambalo Waarabu huliita harisi, ni ngano iliyopondwa pamoja na nyama, na mgeni hawezi kuitambua kwa macho. Uhabeshi injera ya tefu haina gluteni, ila wapishi wengi huchanganya tefu na ngano au shayiri. Uliza kabla ya kukaa.

Ulaya ile ya mbali ni nchi ya mkate, lakini ina sheria njema. Tangu Desemba 2014, katika nchi za Umoja wa Ulaya, hata mikahawa yapasa kumwambia mlaji kama chakula kina nafaka zenye gluteni; na pakiti haiwezi kuandikwa kuwa haina gluteni ikiwa inazidi miligramu 20 katika kilo. Asiyejua lugha atafute alama ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari. Marekani iko tofauti kidogo: sheria yao ya 2004 yalazimisha ngano itajwe kwenye pakiti, lakini shayiri na rai hazikutajwa humo, kwa hiyo kimea cha shayiri chaweza kujificha katika chakula ambacho hakina neno ngano. Huko tafuta maandishi ya kutokuwa na gluteni yenyewe, usiridhike kwa kutoona ngano.

Kwenye ndege, mwambie anayekukatia tikiti mapema kwamba wataka chakula kisicho na gluteni, wala usingoje kupanda. Hata hivyo tia mfukoni karanga na viazi vitamu vya kuchemsha, maana ahadi hupotea angani kama mizigo. Tena uandikiwe kadi katika lugha ya nchi uendako, yenye maneno haya: Mimi ni mgonjwa. Siwezi kula ngano, shayiri wala rai, wala mchuzi uliotiwa unga, wala chakula kilichokaangwa katika mafuta ya maandazi. Wali, mahindi, viazi, nyama na mboga hunifaa. Asante.

Mama wa Mikumi aliuliza pia kama mtoto wake mwingine, aliye mzima, apimwe. Ndiyo, apimwe, ugonjwa huu hufuata ukoo, na ndugu wa tumbo moja huweza kuwa nao bila kuumwa.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, nitaandika habari ya dumuzi katika ghala za mahindi, maana barua za Dumila na Kimamba zimekuwa nyingi.